Seli Ijengwe Pale Inapoonekana

Kila siku ya kazi, Wakenya hupanga foleni katika jengo la Nyayo House, mjini Nairobi, wakitafuta pasipoti. Hushika karatasi zao, huulizana kuhusu ada, hulalamikia ucheleweshaji. Wengi wao hawana habari kwamba chini ya nyayo zao mna vyumba vidogo visivyo na madirisha, ambamo wananchi wenzao waliwekwa uchi katika maji, wasijue kama ni usiku au mchana, mpaka wakakiri makosa wasiyoyatenda.

Tunaanza na foleni hiyo kwa kuwa tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wakubwa hawalipendi, na ambalo sisi wapenda mageuzi tumelipuuza kwa muda mrefu: ramani ya jela. Tumepigania katiba. Tumepigania tume ya uchaguzi. Tumepigania haki ya kuunda vyama. Ni mara chache mno tumeuliza mlango wa seli unafunguka upande gani, na ni nani anayeweza kuuona ukifunguka.

Fundi yeyote mwaminifu anajua kwamba nyumba hupatanishwa na kiwanja chake. Mjenzi wa Pwani hutumia mawe ya matumbawe na kuta nene ili joto lisipenye. Mjenzi wa Nyandarua hufikiria jinsi ya kuzuia baridi ya alfajiri. Ajengaye karibu na mto huuliza maji ya mafuriko hufika wapi, na ajengaye juu ya udongo mweusi hujua kwamba msingi usipokwenda chini, ukuta utapasuka. Jela nayo ni nyumba. Watu hulala humo, huugua humo, huzeeka humo. Haiwezekani ikawa jengo la pekee duniani ambalo mjenzi wake hatakiwi kufikiria jua, upepo na maji.

Hayo si maoni yetu peke yetu. Mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Geneva mwaka 1955 ulipitisha kanuni za chini kabisa za kuwatunza wafungwa. Mwaka 2015 kanuni hizo zilirekebishwa na kupewa jina la Nelson Mandela, mtu aliyekaa kifungoni miaka 27. Zinataka chumba cha mfungwa kijengwe kwa kuzingatia hali ya hewa ya mahali kilipo, wingi wa hewa safi, upana wa sakafu na mwangaza. Zinataka madirisha yawe makubwa kiasi cha kumwezesha mtu kusoma kwa mwanga wa jua. Zinataka maji ya kunywa yapatikane kila yanapohitajika. Na kanuni za 2015 zinaongeza kwamba mfungwa awekwe, kadiri iwezekanavyo, karibu na kwao.

Sasa tutazame nchi yetu. Waliojenga kambi na seli hapa Kenya walikijua kiwanja barabara. Walisoma jangwa, kisiwa na mto kama jemadari anavyosoma ramani ya vita. Lakini swali walilojiuliza halikuwa jinsi mahali patakavyomhifadhi mfungwa. Walijiuliza jinsi patakavyomficha. Tunaziona njia tatu walizotumia.

Njia ya kwanza ilikuwa umbali. Mwishoni mwa mwaka 1952, Jomo Kenyatta na wenzake watano walifunguliwa mashtaka Kapenguria, mahali pasipokuwa na reli wala hoteli. Chumba cha shule kiligeuzwa mahakama. Mawakili wa utetezi, akiwamo D. N. Pritt kutoka Uingereza, walilala Kitale na kusafiri kwenda kesini. Sisi tuliozoea kazi ya mahakama tunajua maana ya jambo hilo: wakili aliyechoka kwa safari, asiyekuwa na simu wala maktaba, ameanza kushindwa kabla hajasimama. Baada ya hukumu ya Aprili 1953 Kenyatta alipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana. Kuta za Lokitaung hazikuhitaji kuwa nene. Jangwa lenyewe lilikuwa ukuta.

Visiwa navyo vilitumiwa, Mageta katika Ziwa Victoria na Manda karibu na Lamu. Kisha, baada ya msako mkubwa wa Nairobi wa Aprili 1954, maelfu ya watu walisafirishwa hadi Mackinnon Road na Manyani, katika nyika kavu iliyo kando ya reli ya Mombasa. Mackinnon Road palikuwa bohari la jeshi. Palipowekwa mizigo pakawekwa binadamu. Huko Manyani homa ya matumbo ilizuka mwaka huo huo wa 1954 na kuua watu. Mwaka uliofuata ndipo zile kanuni za hewa, maji na mwangaza zilipopitishwa Geneva. Serikali ya kikoloni haiwezi kusema kwamba ulimwengu ulikuwa haujafikiria jambo hilo.

Nayo Hola ilichaguliwa kando ya Mto Tana kwa sababu ya maji, ili wafungwa wachimbe mifereji ya mradi wa umwagiliaji. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa waliokataa kufanya kazi hiyo walipigwa na walinzi hadi 11 kati yao wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema wamekufa baada ya kunywa maji kutoka katika gari la maji. Uchunguzi uliofuata ukaonyesha kwamba waliuawa kwa vipigo. Maji, ambayo ndiyo yaliyofanya mahali pachaguliwe, ndiyo yaliyosingiziwa mauaji. Na uwongo ule ulithubutu kusemwa kwa sababu hapakuwa na jamaa wala mwandishi wa habari karibu wa kuona kilichotokea.

Njia ya pili ilikuwa kurithi kuta za watu wengine. Ngome ya Yesu mjini Mombasa ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 ili kuzuia mizinga ya adui. Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958. Ngome ya Lamu ilifanywa jela mwaka 1910, na ikabaki hivyo hadi 1984, miaka zaidi ya 20 baada ya bendera yetu kupandishwa. Ukuta uliokusudiwa kumzuia adui asiingie ukageuzwa kumzuia mwananchi asitoke. Serikali ilipata jela bila gharama ya kujenga, na hapakuwa na aliyeuliza kama mahali hapo pamekusudiwa mtu kuishi. Tabia hiyo ya kuchukua chumba chochote chenye kufuli na kukiita seli tuliirithi pamoja na kuta zenyewe.

Njia ya tatu ni yetu wenyewe, wala hatuwezi kumlaumu mkoloni. Badala ya kumpeleka mfungwa mbali na macho ya watu, walimficha katikati yao. Nyayo House ina ghorofa 27 nayo imesimama pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, mahali panapopitwa na watu wengi kuliko karibu popote pengine nchini. Seli zilikuwa chini ya ardhi. Vyumba vya mahojiano vilikuwa juu kabisa, na lifti ilimpandisha na kumshusha mtu aliyefungwa kitambaa machoni. Manusura wameeleza jinsi maji yalivyomwagwa ndani ya seli, na jinsi matundu ya hewa, ambayo katika jengo lolote lingine huwekwa ili watu wapumue, yalivyotumiwa kupuliza hewa ya moto, ya baridi au yenye vumbi.

Kwa namna ya kutisha, jengo hilo lilipatana na mahali pake. Kelele za magari zilifunika kilio. Ofisi za serikali zilizokuwa juu zilitoa sababu njema ya gari lolote kuingia. Ni nani angeshuku kwamba mahali pa kutafutia pasipoti ndipo mahali pa kupotezea watu? Tena vyumba hivyo havikuota kama uyoga. Kuna aliyevichora, kuna aliyemwaga saruji, kuna aliyefunga milango na kupokea malipo yake. Dhambi ya Nyayo House ilianzia katika kalamu, kabla haijafika katika rungu.

Katika miaka ya 1986 na 1987, wakati wa msako dhidi ya Mwakenya, watu walitoweka kwa majuma, kisha wakatokea mahakamani jioni, saa ambazo mahakama hufungwa, bila wakili, wakakiri na kufungwa kwa dakika chache. Mwezi wa Julai 2010 Mahakama Kuu iliwapa fidia manusura 21 waliopeleka kesi ya pamoja. Fidia ni haki yao, lakini hairudishi afya wala ujana.

Sisi wa harakati za vyama vingi tuna somo la kujifunza hapa. Kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kilifutwa Desemba 1991. Tukashangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini mlango wa chini wa Nyayo House haukufunguliwa kwa umma mpaka tarehe 11 Februari 2003, baada ya serikali kubadilika. Kwa miaka 11 tulikuwa na vyama vingi juu ya ardhi, na siri ile ile chini yake.

Tusisahau ni nani walioigusa siri hiyo mapema. Tarehe 28 Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa pamoja na Wangari Maathai, waliketi katika bustani ya Uhuru Park, ng'ambo tu ya barabara kutoka jengo hilo, wakidai wana wao. Tarehe 3 Machi polisi waliwapiga na kuwatawanya. Wakakimbilia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote lililo jirani, wakakaa huko karibu mwaka mzima, hadi wafungwa hao walipoachiliwa, isipokuwa mmoja. Tazameni majengo mawili yanayokaribiana hivyo. Moja lilimeza wana, jingine likawapokea mama zao. Tofauti yao haikuwa katika mawe. Ilikuwa katika mlango: mmoja ulifungwa, mwingine uliachwa wazi ili kila mpita njia aone wanaoketi ndani.

Leo tunayo sheria njema. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 25, inasema kwamba uhuru wa kutoteswa hauwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote ile. Kifungu cha 49 kinataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo na si zaidi ya saa 24, isipokuwa muda huo ukimalizika nje ya siku au saa za mahakama, ndipo apelekwe siku ya mahakama inayofuata. Kifungu cha 51 kinalinda haki za walio kizuizini. Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru mwaka 2014 na Sheria ya Kuzuia Mateso mwaka 2017. Lakini sheria hukaa katika karatasi, na mahabusu hukaa katika chumba. Chumba kikiwa kibaya, karatasi haimfikii.

Ushahidi si wa zamani. Mwezi wa Juni 2025 mwalimu kijana, aliyekamatwa kwa ajili ya maandishi ya mtandaoni, alitolewa Homa Bay akasafirishwa hadi Nairobi, akawekwa katika Kituo Kikuu cha Polisi, na hakuiona asubuhi akiwa hai. Polisi walisema kwanza kwamba alijigonga kichwa ukutani. Madaktari walioipasua maiti wakasema majeraha yake hayakulingana na maelezo hayo. Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi ikaliambia Bunge la Seneti kwamba kamera za kituo zilikuwa zimechezewa. Hatutaki kuhukumu kesi ambayo ni kazi ya mahakama. Tunasema tu yanayoonekana kwa kila mtu. Mwaka 1959 yalisingiziwa maji. Mwaka 2025 ukasingiziwa ukuta. Na umbali, ile silaha ya Kapenguria na Lokitaung, ulitumika tena: kijana alipelekwa mbali na kwao, usiku ukaingia kati yake na jamaa zake.

Hata hivyo, kituo hicho angalau kilikuwa na jina na mlango. Baada ya maandamano ya Juni 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu visa zaidi ya 80 vya watu kutekwa nyara kufikia mwisho wa Desemba mwaka huo. Wengine walirudi wakisema hawajui walikowekwa. Huo ndio mwisho wa njia tuliyoieleza: jela isiyo na anwani, inayopatana na mahali popote kwa kuwa haikubali kuwa mahali.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila mwananchi, anapotazama kituo cha polisi cha kwao au anaposikia kwamba jela mpya itajengwa, aulize maswali matano.

La kwanza, je, ni mwendo wa saa ngapi kutoka seli hadi mahakamani, na hadi nyumbani kwa mahabusu? Tusihesabu kilomita. Tuhesabu saa, tena wakati wa masika, kwa matatu, kwa mama mzee aliyebeba chakula.

La pili, je, chumba kimejengwa kwa hewa ya hapo? Paa la mabati lisilo na dari huko Lodwar au Garissa ni tanuri. Sakafu tupu ya saruji huko Limuru ni ugonjwa wa kifua. Jela ya bonde la Tana isiwekwe pale maji ya mafuriko yanapofika, maana wakati wa mafuriko kila mtu hukimbia isipokuwa aliyefungiwa.

La tatu, je, yako wapi maji na choo? Ndoo moja katika kona ya chumba chenye watu wengi ni adhabu ambayo hakuna hakimu aliyeitoa.

La nne, je, mlango uko wapi? Seli iwe na mlango mmoja unaojulikana, mbele ya meza ambapo jina la kila anayeingia huandikwa. Pasiwe na lifti ya siri wala njia ya nyuma. Kumbukumbu za kamera zitunzwe na mtu asiye chini ya mkubwa wa kituo. Na ramani ya kila seli iwekwe mahakamani, kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi na kwa Tume ya Haki za Binadamu, ili chumba kisichokuwa katika ramani kiwe kosa kwa kuwapo kwake tu.

La tano, je, wanawake wametengwa na wanaume, na watoto na watu wazima, kama Katiba inavyotaka kwa watoto? Je, kipo chumba ambamo mtu atazungumza na wakili wake bila askari kusikiliza?

Tunajua tutakavyojibiwa. Tutaambiwa kwamba nchi ni maskini, kwamba kuna watoto wanaosomea chini ya miti, na kwamba haifai kuwajengea wezi madirisha. Tunajibu hivi. Aliye rumande bado hajapatikana na hatia. Dirisha ni rahisi kuliko fidia, nayo fidia hulipwa na mlipa kodi, wala si aliyetesa. Tena mchimba shimo huingia mwenyewe. Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa mawaziri katika serikali iliyowaweka wengine kizuizini bila kesi. Julai 1990, walipodai vyama vingi, kizuizi hicho hicho kikawangoja. Matiba alipatwa na kiharusi akiwa humo na hakupata tena afya yake kamili mpaka alipofariki mwaka 2018. Enyi mnaotawala leo, chunguzeni vyema vyumba mnavyoidhinisha. Hamjui ni nani atakayelala humo.

Kwa wasomaji wetu tunaomba mambo matatu. Mawakili na wanaharakati watumie kifungu cha 35 cha Katiba kuomba ramani na kumbukumbu za seli za kaunti zao, kituo kwa kituo. Makanisa yasiishie kuombea wafungwa. Kila parokia na kila usharika uchague watu wa kuzuru seli iliyo karibu, si siku ya Krismasi pekee, wakiandika walichokiona na tarehe. Na sote tudai kwamba vyumba vya chini ya Nyayo House viwe makumbusho ya kudumu, yenye mlango wake unaotazama barabara, ambamo mtoto wa shule ataingia bila kumpigia mkubwa yeyote magoti.

Wasomaji wetu waumini wanakumbuka habari za nabii Yeremia. Wakuu waliomchukia walimteremsha kwa kamba katika kisima kilichokuwa ndani ya ua wa walinzi. Hakikuwa na maji, kilikuwa na tope, naye akazama katika tope hilo. Kilikuwa mahali pa kufaa: karibu na jumba la mfalme, lakini nje ya macho ya watu. Aliyemwokoa alikuwa mgeni, Ebedmeleki Mkushi. Alimwendea mfalme langoni, mahali pa hadhara, akasema waziwazi kwamba mtu yule atakufa. Kisha akatafuta matambara makuukuu, akamteremshia nabii ayaweke kwapani, ili kamba isimchubue wakati wa kumvuta.

Tunayakumbuka matambara hayo. Mtu aliyesimama langoni mwa mfalme, akiwa na maisha ya nabii mikononi mwake, alipata nafasi ya kufikiria ngozi ya mfungwa. Tunawataka wanaochora jela za Kenya wafikirie jambo dogo kama hilo, nasi tutakuja kukagua.